Shangazi Kijivu na Kivuli Kilichomfuata

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni, mkaguzi mkuu wa skrini wa kiwanda chetu atavua koti lake la bluu na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Au ishirini na tisa. Ofisi ya utumishi inasema ishirini na tisa, kwa sababu faili lake linaanzia siku aliyopewa barua ya ajira. Yeye anasema thelathini na mmoja, kwa sababu miaka miwili ya kwanza alikuwa kibarua, na jasho la kibarua, asema, nalo ni jasho. Kamati ya sherehe iliniambia nichague hesabu moja. Nimeandika zote mbili. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita sijui kushoto wala kulia, na sina nguvu ya kubishana na yeyote.

Hapa kiwandani anajulikana kwa jina la Shangazi Kijivu. Shangazi, kwa kuwa akikukuta hujala atakugombeza utadhani ni dada wa baba yako. Kijivu, kwa kuwa kazi yake imekuwa kutazama rangi ya kijivu, tupu, isiyo na picha wala maandishi, kutwa nzima. Mjukuu wake aliulizwa shuleni bibi anafanya kazi gani, akajibu kwamba anaangalia televisheni isiyo na kitu. Mwalimu aliandika kwamba mtoto ana utani. Mtoto alikuwa anasema kweli.

Alianzia idara ya kufungasha, enzi za televisheni za chogo, zile ambazo kuibeba moja walihitajika wanaume wawili na maombi. Kazi yake ilikuwa kuzivika mfuko na kuzitia kwenye boksi. Siku moja aligoma kuivika moja. Alisema humo ndani kuna maandishi. Wenzake wakatazama, wakaona kioo kitupu, wakaanza kumtania kwamba amepandisha mashetani. Msimamizi akaiwasha ili amwaibishe mbele ya watu. Loo! Kwa mbali, ndani ya kijivu, likaonekana jina la kiwanda lililokuwa limeachwa kwenye kioo wiki nzima ya majaribio. Wiki iliyofuata alihamishiwa chumba cha ukaguzi, na mfuko wa kufungashia hakuugusa tena.

Kwa wageni wa siku ya sherehe, na hata kwa ndugu zetu wa uhasibu wanaodhani tunalala mle ndani kwa sababu taa zimezimwa, nieleze kazi yenyewe. Skrini ikiachwa na picha ileile kwa muda mrefu, hubaki na kivuli chake hata picha ikishaondoka. Kivuli kingine hupita chenyewe baada ya dakika chache. Hicho hakina ubaya. Kingine hakitoki milele, na skrini hiyo si ya kumuuzia mtu. Basi sisi tunawasha miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti, kwa nusu saa. Halafu tunaweka kijivu, tunatazama mara tatu: dakika ya kwanza, ya tano na ya kumi. Ikifika ya kumi na kivuli bado kipo, skrini inabandikwa stika nyekundu.

Shangazi hakuwahi kutumia maneno ya kwenye mwongozo. Kwake yeye kila kivuli ni mgeni. Mtazamo wa kwanza, karibu mgeni. Wa pili, mgeni bado yupo, hakuna neno. Wa tatu, mpe jembe. Stika nyekundu tunaiita jembe mpaka leo, na kuna fundi mmoja mpya aliyetumwa stoo kuleta majembe kumi akarudi na barua ya mtunza stoo akiuliza tangu lini kiwanda kimeanza kulima.

Sifa zake zilitoka nje ya geti. Zahanati moja ilituletea skrini yao ya kuita wagonjwa, wakisema imeingiliwa. Iliita namba arobaini na saba mwaka mzima, kwa ufifi, chini ya kila namba nyingine. Wagonjwa wenye macho makali walikuwa wakisimama kabla ya zamu yao, na kulizuka ugomvi dirishani kila asubuhi. Mafundi wawili walisema itupwe. Shangazi aliiweka kwenye picha zinazotembea, asubuhi hadi jioni, siku mbili, akirudi kuitazama kila baada ya saa. Siku ya pili arobaini na saba akaondoka. Mgeni mwenye matako mazito, alisema, lakini mgeni. Zahanati waliandika barua ya shukrani ambayo ipo ukutani hadi sasa, na namba ya barua hiyo, sijui kwa makusudi ama la, ni arobaini na saba.

Sasa nifike kwenye kiti. Kila aliyeingia chumba chetu amekiona: kiti cha mbao kimeelekezwa mlangoni, kimezipa skrini mgongo. Watu hudhani ni cha kumpa mtu adhabu. Ni uvumbuzi wake. Mkaguzi mpya hufanya kosa moja, na wote tumelifanya: katika ile nusu saa ya kusubiri anakaa akiikodolea macho miraba. Jicho nalo hushika picha. Kijivu kikija, anaona miraba kila mahali, anaanza kugawa majembe.

Mwezi wangu wa kwanza niligawa majembe ishirini na mawili kabla ya chakula cha mchana. Laini ilisimamishwa. Msimamizi alikuja anahema. Shangazi hakunigombeza, alinisimamisha mbele ya skrini akaniambia niinamishe kichwa upande. Nikainamisha. Miraba nayo ikainama. Akacheka mpaka akashika ukuta. Aliniambia neno ambalo kila mkaguzi hapa amelimeza: kivuli cha skrini hubaki pale kilipo, kivuli kinachokufuata ni chako mwenyewe. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Pepesa, kwa jinsi nilivyokuwa nikipepesa macho kwa aibu, na kiti cha kuelekea mlangoni nimekikalia miaka kumi na mitatu.

Fomu yetu ina mistari miwili ya saini. Wa kwanza ni wa mkaguzi. Wa pili umeandikwa Nakubali, na ni wa msaidizi wake, yaani mimi. Nilikuwa natazama kweli, siwezi kusema sikutazama. Lakini baada ya majembe yale ishirini na mawili, nikiona tofauti na Shangazi nilijua mwenye makosa ni nani. Nilisaini. Miaka kumi na mitatu nimesaini Nakubali, na sikumbuki hata siku moja niliyosita kwa zaidi ya kufumba na kufumbua.

Mwaka huu, miezi mitatu ya mwisho, majembe yaliongezeka. Kwanza mawili kwa wiki, halafu matano, halafu kumi. Na yote yalikuwa na kivuli kimoja: doa la duara, kulia kidogo ya katikati, mahali palepale. Shangazi alilichora kwenye kila fomu kwa penseli. Sasa kitu kikitokea mahali palepale kwenye skrini tofauti, mtu yeyote wa kiwandani atakwambia ni mashine au ni mkono wa mtu. Na mashine inayoshika kioo kwa duara, kulia ya katikati, ni ile ya gundi. Na mtu wa mashine ya gundi ni mmoja.

Tunamwita Fundi Gundi. Ni bwana mpole, anayesalimia hata vifaa. Aliibomoa ile mashine mara tatu, akaisafisha, akaifunga. Majembe yakaendelea. Akapewa barua ya onyo. Akapunguza joto, majembe yakaendelea, akapewa ya pili. Kikao cha nidhamu kikapangwa Alhamisi, na kila mtu alijua barua ya tatu ina maana gani. Alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli mimi nami naliona hilo doa. Nilimjibu kwamba Shangazi analiona. Aliniangalia kidogo, akasema asante, akapanda zake ngazi.

Ukweli ni kwamba sikuwa naliona. Nilitazama mpaka macho yakatoka machozi. Nilijaribu kwa miwani na bila miwani, nikasogea, nikarudi nyuma, nikajiaminisha kwamba pale kuna kitu, halafu kikapotea. Niliona kijivu safi, nikadhani ndio nimeanza kupofuka. Nilifikiria namna ya kumwambia msimamizi kwamba sifai kuachiwa chumba. Nyumbani mke wangu aliniuliza mbona nalikodolea macho jokofu. Nilikuwa napima mlango wake.

Mume wa Shangazi, mzee mmoja fundi cherehani ambaye huja kumchukua getini kila jioni na baiskeli yake, naye alikuwa na mushkeli wake. Kwa miaka yote ya ndoa, mwenye kutunga uzi kwenye sindano ni mkewe, maana macho ya mzee yalishachoka zamani. Ghafla mkewe akawa anamwambia amuombe mjukuu. Na chai, siku hizi, anaimimina pembeni ya kikombe. Mzee aliniambia anaogopa amemuudhi, au kustaafu kunamkera mkewe na hataki kusema. Tukasimama pale getini wanaume wawili, tukakubaliana kwamba ni kustaafu. Wajinga ndio waliwao, na siku hiyo tulijila wenyewe.

Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya chai ya saa nne, Shangazi aliniita kwenye skrini ya sita. Dakika ya kumi. Alitaka doa lichorwe vizuri kwa ajili ya kikao, na mkono wake, alisema, umechoka kuchora. Akanipa penseli nichore mimi. Nikashika penseli. Nikatazama. Sikuwa na kitu cha kuchora. Kusaini unaweza kumfuata mtu, lakini kuchora usichokiona, mkono ulikataa. Nikasema, na sijui sauti ilitoka wapi, kwamba sioni kitu, na sijawahi kukiona, hata kwenye moja.

Alikasirika, na ana haki. Aliniambia nitazame tena. Nikatazama, nikasema safi. Akaniambia Pepesa, acha mchezo, mtu anapoteza kazi Alhamisi. Nikamwambia ndiyo maana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma moyoni, nimeshaanza kutafuta namna ya kusema labda lipo kidogo, ndipo akafanya jambo ambalo katika miaka kumi na mitatu sikuwahi kumwona akilifanya kwa ajili yake mwenyewe. Akainamisha kichwa upande.

Alikaa hivyo muda. Akainamisha upande wa pili. Akafumba jicho la kushoto, akatazama. Akafumba la kulia, akatazama. Halafu akaenda akakaa kwenye kiti cha kuelekea mlangoni, mikono mapajani. Mganga hajigangi, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimesimama na penseli sijui niiweke wapi. Sikujua nimfurahie Fundi Gundi au nimlilie Shangazi. Nilifanya yote mawili vibaya. Yeye ndiye aliyeniuliza kama tumebakiwa na chai.

Alipomaliza kikombe alisimama akasema zilizoko stoo zote zirudishwe. Skrini sitini na nne zenye majembe, nane kwa mkupuo, Jumanne ile na Jumatano nzima. Safari hii mimi ndiye niliyetazama. Yeye alikaa kitini, mgongo kwetu, saa ya mkononi mbele ya jicho la kushoto, akitangaza dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi. Hakugeuka. Kila nilipotaja namba ya skrini na kusema safi, aliivuta fomu yake ya zamani na kuandika chini ya saini yake, kwa herufi kubwa ili mkono usipotee: KIVULI KILIKUWA CHA MKAGUZI. SKRINI NI NZIMA. Nilimwambia tutengeneze muhuri, tugonge tu. Alikataa. Aliandika hivyo mara sitini na moja.

Sitini na moja, kwa sababu tatu zilikuwa mbovu kweli. Nilipotaja ya kwanza katika hizo tatu aliniuliza nina hakika. Nikainamisha kichwa, kivuli hakikunifuata. Nikasema nina hakika. Akasema basi mpe jembe, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba amefurahi, lakini kwa nini hasa, mpaka leo sijui.

Alhamisi aliingia kwenye kikao na fomu zake kifuani. Hakuitwa, alibisha hodi akaingia. Waliokuwamo wanasema hakuzunguka mbuyu. Alisema jicho lake la kulia lina doa, doa hilo amembebesha mtu asiye na kosa kwa miezi mitatu, na barua mbili zilizomo kwenye faili la mtu huyo zilitokana na saini yake yeye, basi zitolewe mbele ya macho yake, hata kama limebaki jicho moja. Msimamizi hakujua acheke au afanyeje. Barua zilitolewa. Fundi Gundi, wanasema, alisimama, akakaa, akasimama tena, akamwomba Shangazi msamaha. Kwa kosa lipi, hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe alipoulizwa hakujua. Wakaishia kushikana mikono wote wawili wanalia, na katibu wa kikao hakuandika lolote.

Kamati imenishauri habari hizi nisiziandike. Wasifu wa mstaafu, wanasema, huwa na mafanikio. Nilimpelekea Shangazi swali, akanijibu niandike kama ilivyokuwa, ila nisisahau barua ya zahanati. Sijaisahau. Lakini nikiulizwa fanikio lake kubwa ni lipi, nitasema ni fomu zile sitini na moja, ingawa hata hapo nachanganyikiwa, maana ni orodha ya makosa yake na sijaona karatasi nyingine ninayoiheshimu zaidi. Na langu mimi, lile la kusaini kwa miezi mitatu nisichokiona, halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu yoyote. Naliandika hapa. Fundi Gundi, nisamehe.

Daktari wa macho ameshamwona. Amesema tatizo lipo nyuma ya jicho, limewahiwa, na amempangia matibabu wiki ijayo. Mumewe anatunga uzi kwa msaada wa mjukuu kwa sasa, anatukana sindano, na anasema anaweza kusubiri.

Limebaki jambo la zawadi. Kamati ilikuwa imeshaandaa televisheni, kubwa, kutoka laini yetu wenyewe, kabla ya haya yote kutokea. Wiki nzima tumegombana kama ni dharau kumpa televisheni mtu mwenye jicho bovu. Tukamuuliza mumewe, akacheka, akasema mwenye kuitazama nyumbani ni yeye, mkewe huwa anaitazama ikiwa imezimwa. Basi itatolewa. Fundi Gundi ameiunganisha kwa mkono wake, na mimi nimeipima asubuhi ya leo: nusu saa mgongo kwake, halafu dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi. Kichwa nimekiinamisha pande zote mbili.

Shangazi, asante kwa miaka yote, ile ya kwenye faili na ile miwili ya jasho. Asante kwa kiti. Tunakuombea jicho lipone, chai iingie kikombeni, na siku zako nyumbani ziwe ndefu na nyepesi, na kila mgeni atakayebisha hodi awe wa kupita salama. Fomu ya televisheni yako ipo ndani ya boksi. Mstari wa kwanza nimesaini mimi, kwa mara ya kwanza. Ule wa Nakubali nimekuachia wewe. Daktari akishamaliza, iwashe, weka kijivu, itazame kwa jicho lako mwenyewe. Ukiona tofauti na nilivyoona mimi, tafadhali, usisaini.